Nguo za Gaudence Juani

Sauti ya matone ndiyo iliyomwamsha Bibi Kunigunda. Mtu alikuwa anakamua nguo gizani, polepole, kama anayeogopa kusikika, na maji yalikuwa yakidondokea kwenye beseni la plastiki, to, to, kisha kimya, kisha to tena. Majogoo walikuwa bado hawajawika. Bibi alijiambia ni mvua, akageukia ukutani ili alale. Lakini mvua za kwanza zilikuwa bado, na hata angejidanganya vipi, mvua haina tabia ya kusimama ikasikiliza kama kuna mtu ameamka.

Hakuwa amelala vizuri tangu afike. Kwao Mbuji, kule juu milimani Mbinga, usiku mtu hujifunika blanketi mbili na bado hukunja magoti. Hapa Chiwanda ziwa lilikuwa nyuma ya nyumba tu, na joto lake lilikuwa linaingia hata chini ya shuka. Miguu yake ilikuwa haitulii. Akaiweka huku, akaiweka kule, mwishowe akaamua kuisimamia. Akajifunga kitenge, akafuata ile sauti mpaka jikoni.

Eunice, mke wa mjukuu wake, alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga. Alikuwa anatundika nguo ndogondogo nyeusi kwenye waya uliopita juu ya makaa, mahali ambapo wenzake wa pwani ile ya ziwa hukaushia samaki. Alipoona mlango unasogea akaishika ile ya mwisho na kuificha mgongoni.

"Shikamoo bibi. Nimekuamsha."

"Marahaba. Joto ndilo limeniamsha. Unafua nini saa hizi, mke mwenzangu?"

Ndivyo alivyomwita tangu siku ya harusi. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake kwa utani, kwa hiyo mke wa mjukuu ni mke mwenza, na wake wenza hawafichani mambo ya mume wao. Eunice akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akaitoa nguo mgongoni. Akasema ni nguo za ndani za Gaudence. Mchana zingeonekana na watu.

Hilo Bibi alilielewa. Nguo ya ndani ya mwanamume haianikwi mahali ambapo baba yake, shangazi yake au mkwe wake anaweza kupita akaiona. Alichoshindwa kuelewa ni udogo wake. Akaichukua mkononi, akaivuta huku na huku. Mpira wake ulikuwa mgumu, ukamponyoka na kumchapa kidole.

"Hii inamtosha nani? Si ya mtoto hii?"

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Eunice akageuza uso kwenye makaa, akaanza kuyachochea ingawa yalikuwa yanawaka vizuri. Baada ya muda akamimina maji ya moto kwenye ndoo, akayachanganya na ya baridi, akayajaribu kwa kiwiko kama watu wanavyojaribu maji ya mtoto, akasema, "Bibi, maji yako ya kuoga haya, kabla jua halijatoka." Hakuwa ameombwa. Tangu bibi afike alikuwa akifanya hivyo kila alfajiri, na jioni alikuwa akimkata kucha za miguu ambazo yeye mwenyewe hazifikii tena.

Bibi akaoga, lakini maji hayakumtuliza.

Alikuwa ameshuka ziwani kwa sababu ya simu. Mwanawe Egidi, baba yake Gaudence, alimpigia akamwambia kwamba ukoo umechoka kusubiri. Ndoa ina miaka minne na nyumba iko kimya. Gaudence alikuwa ameshawahakikishia kwamba wote wawili wamepimwa na yeye ameonekana mzima. Kwa hiyo, alisema Egidi, mtu hahitaji kuwa mwalimu kujua tatizo liko wapi. Jumapili, baada ya misa, yeye na dada yake Tereza wangefika Chiwanda kukaa kikao, na Eunice angerudishwa kwao Ukata kwa heshima, bila kugombana. Bibi alijibu kwamba yeye atatangulia, anakwenda kusalimia tu. Alipofika akasema, kama mgeni yeyote anayejitia hana wasiwasi, kwamba mwakani mpunga ukivunwa atakuja tena kula wali mpya. Eunice, ambaye kwa kawaida humwambia mgeni karibu tena hata kabla hajafungua mzigo, hakujibu kitu. Alichukua mzigo akaingia nao ndani.

Kwa hiyo Jumapili ilikuwa inakuja, na bibi alikuwa anazungukazunguka ua wa watu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Siku hiyo mchana alijitolea kumpelekea Gaudence chakula kazini. Mjukuu wake alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, banda la mabati karibu na barabara. Bibi alisimama mlangoni, akahisi joto la injini likimpiga usoni kama anayefunua chungu. Gaudence alikuwa anapakua magunia kutoka kwenye kigari. Alikuwa kijana mpana wa mabega, mcheshi, ambaye bibi alimlea mwenyewe baada ya mama yake kufariki angali mdogo. Aliinama, akanyanyua gunia, akalitupa, akarudi. Akipumzika, aliketi kwenye benchi lililokuwa limeegemezwa kwenye injini yenyewe, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Akiinuka, alitembea kwa miguu iliyotanuka na mgongo mkavu, kama mtu aliyeshonewa ndani ya gunia.

Bibi alimpa chakula, akamwambia mume wangu unatembea kama bata aliyevishwa soksi. Wapakiaji wenzake wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Gaudence naye akacheka, akasema bibi ana wivu, anaogopa asije akaibiwa. Lakini bibi alikuwa ameshaona alichotaka kuona, na njiani kurudi alikuwa anaziwaza zile nguo nyeusi juu ya makaa.

Alipofika nyumbani, Eunice alikuwa kwenye cherehani barazani, anashona sare za shule. Bibi akaketi karibu, akamwokotea vipande vya nyuzi, akamuuliza taratibu: hivi Gaudence alipopimwa, walimwambia nini hasa? Mguu wa Eunice ukasimama kwenye pedali.

"Bibi, hilo usiniulize," akasema.

 Bibi akaelewa. Gaudence hakuwa amepimwa. Msichana huyu alikuwa amebeba uongo wa mumewe kichwani kama mzigo wa kuni, watu wote wakidhani ni wa kwake, na hata sasa, siku chache kabla ya kufukuzwa, hakutaka kuutua kwa sababu ungemwangukia mumewe.

Kesho yake Bibi Kunigunda akasema goti linamsumbua, akaenda zahanati. Daktari wa pale alikuwa mwanamke kijana aitwaye Asnath, mtu wa Musoma, serikali ilikuwa imemleta huku mbali na kwao, na Kiswahili chake kilikuwa cha moja kwa moja, hakikuwa na kona. Alipoona benchi limejaa alimtolea bibi kiti chake mwenyewe, akakiweka kwenye kivuli cha ukuta. Alipomaliza na goti, bibi hakuinuka. Akauliza kuna ubaya gani mwanamume akivaa chupi za kubana sana, tena kwenye joto kama hili.

Asnath hakucheka. Alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia mbele yake.

"Bibi, korodani Mungu hakuzitundika nje kwa kukosa nafasi ndani. Zinataka ubaridi kidogo kuliko tumbo. Zikibanwa mwilini kutwa nzima, na joto la kazi juu yake, kwa baadhi ya wanaume mbegu hupungua."

"Kwa baadhi."

"Kwa baadhi. Wapo wanaovaa za kubana na nyumba zao zimejaa watoto. Hata wataalamu hawajakubaliana nguo peke yake inapunguza kiasi gani. Na sababu nyingine ni nyingi, za mwanamume na za mwanamke. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba chupi ndiyo iliyomfunga mtu fulani. Ninachoweza kusema ni kwamba kulegeza hakuna hasara, na apimwe. Mbegu zinachukua miezi kutengenezeka, asitegemee kulegeza leo na kesho akaona tofauti."

Bibi akauliza kama si kinga ya ngiri, ule mshipa unaowashukia wabeba mizigo. Asnath akasema ngiri haizuiwi na chupi hata ukiivaa ya chuma. Ukinyanyua mzigo, piga goti, usiinamishe mgongo, na ukiona uvimbe njoo mapema. Kisha akatazama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo zaidi kwamba wanaume wa hapa, akiwaambia waje, husema wana haraka. Yeye ni mdogo kwao, tena ni mwanamke.

"Wewe una nafasi ambayo mimi sina, bibi."

Bibi alirudi akitembea haraka kuliko goti lilivyotaka.

Alimngoja Gaudence ufukweni. Jioni wanaume huoga upande wa mawe makubwa, wanawake upande wa vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa hilo, na katikati pana mchanga ambao hauna mwenyewe. Gaudence alikuja kutoka kuoga akiwa amejifunga taulo juu ya kaptula, maji yakimtiririka.

"Kaa hapa mume wangu, nikuulize."

"Uliza, ila usinitume dukani. Nimechoka."

"Ndani umevaa ngapi?"

Aliangalia nyuma, kisha pembeni. Kwa mtu mwingine yeyote angeondoka. Lakini kwa bibi hakuna aibu ya namna hiyo, ndiyo maana ya utani. Akaketi, akapangusa mchanga magotini.

"Mbili. Siku ya mizigo mizito, tatu."

"Za nini zote hizo?"

"Ngiri, bibi. Babu hukumwona?"

Alimwona. Joakim, mume wake wa kweli, alibeba magunia ya kahawa kutoka Mbuji kwa miaka yote ya ujana wake, na miaka yake ya mwisho alitembea akijishika kwa mkono mmoja kama mtu aliyebeba yai mfukoni. Watu walimcheka kisogoni. Gaudence, angali mdogo, alikuwa akimfuata nyuma akivikanyaga vivuli vya wale waliocheka. Kisha alipokua akaenda kubeba mizigo kwenye ghala la kahawa Mbinga mjini, na huko mzee mmoja aitwaye Raimundi, mkuu wa wapakiaji, akamfundisha yale anayowafundisha vijana wote: jibane. Nunua ya mtumba iliyo ndogo kuliko wewe, na juu yake nyingine. Mshipa hauwezi kushuka ukikosa njia. Kule juu kwenye baridi hakuna aliyeumia kwa hilo, angalau hakuna aliyesema. Gaudence aliposhuka ziwani alishuka na mafundisho yake yote, bila kupunguza hata kipande.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia aliyoambiwa na Asnath, yote, pamoja na yale ya baadhi na huenda, maana hakutaka kumdanganya kwa jema lolote. Gaudence alianza kutikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Kahawa ya kuuza tunaianika wapi?" bibi akauliza.

"Juani."

"Na ya mbegu?"

Jibu Gaudence alilijua. Alikuwa ameikuza miche ya kahawa kwenye kitalu cha bibi yake tangu akiwa na magoti machafu. Kahawa ya mbegu haionyeshwi jua. Inatandazwa kivulini, mahali penye upepo, na anayeiweka karibu na moto wa jikoni anafukuzwa kama mwizi.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema mwishowe.

"Sijui. Daktari naye hajui. Ndiyo maana watu wanapimwa."

"Nilimwambia baba nimepimwa."

"Najua."

Aligeuka ghafla. "Eunice amekuambia?"

"Eunice nilimuuliza akanikatalia. Angesema, ungekuwa na mke wa kawaida."

Gaudence aliokota jiwe, hakulitupa. Akasema bibi haelewi. Ikijulikana ni yeye, pale kwenye mashine atapewa jina, na jina likishika halitoki. Atapitaje? Atanyanyuaje gunia mbele ya watu?

"Na Eunice atapitaje Ukata?"

Aliinuka akaenda zake, taulo limebaki mchangani. Bibi alilikunja, akalipeleka nyumbani. Usiku ule Gaudence hakula mezani, na siku zilizofuata aliondoka mapema, akarudi watu wamelala. Bibi alisikia mlango, akasikia kitanda, akasikia kimya cha watu wawili ambao wote wako macho. Mara kadhaa alifika mpaka mlangoni kwa mkono ulioinuliwa kubisha, akaushusha. Uongo wenyewe angeweza kuutaja yeye Jumapili, mbele ya wote, na Eunice angesalimika. Lakini mwanamume aliyeumbuliwa na bibi yake asingepata pa kukaa na mkewe baada ya hapo. Ilibidi aseme mwenyewe, na hakuonekana mtu wa kusema.

Jumapili alfajiri matone yalidondoka tena, to, to. Safari hii Bibi Kunigunda hakugeukia ukutani. Aliingia jikoni, akazishusha zile nguo kutoka juu ya makaa moja moja, akaziweka kwenye beseni. Eunice alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa, akamshika pindo la kitenge.

"Bibi, baba mkwe anakuja leo."

"Anakuja, ndiyo. Wewe nenda misa na mumeo. Hizi nimefua mimi. Ni za mume wangu."

Kulipokucha vizuri, na wao wameondoka, alizianika kwenye kamba ya mbele ya nyumba, kati ya nguzo ya baraza na mpapai, mahali ambapo mgeni hawezi kufika mlangoni bila kuinama chini yake. Alizibana kwa vibanio. Jua lilipozipiga zilionekana ndogo zaidi, kama popo watatu waliolala. Halafu hofu ikamwingia. Aliketi, akainuka, akazishika kutaka kuzitoa, akaziacha, akaketi tena. Mikono yake ilitafuta kazi ikakuta mchele. Akauchambua mara ya pili ule ambao Eunice alishauchambua.

Egidi na Tereza walifika kwa bajaji kutoka Mbamba Bay. Tereza alikuwa mbele, mwanamke mnene mwenye kitenge cha kanisani, na alikuwa ameshaanza kuamkia aliposimama kama aliyeona nyoka. Kwa shangazi, nguo hizo ni kama kumwona mtoto wa kaka yake bila nguo. Akavuta kitenge akafunika uso. Egidi alimgonga kwa nyuma, akaangalia alichoangalia dada yake, akatoa kofia, akaivaa, kisha akazunguka nyumba akaja kuingilia mlango wa jikoni. Alipofika barazani alichukua kiti akakigeuza, akaketi akiutazama ukuta.

"Mama," akauambia ukuta, "ndiyo nini hii?"

Tereza, akiongea ndani ya kitenge, akasema mama yao amezeeka vibaya, anawaaibisha mbele ya majirani. Kama Eunice ndiye aliyemfundisha, basi hata hicho kikao hakihitajiki.

"Eunice ameniomba nizitoe," alisema bibi. "Nyie mmetoka kwenu mkaja kuzungumza habari za chumbani kwa watu. Mlidhani chumbani kuna nini? Mnaona aibu kuangalia nguo, lakini kumfukuza mtu kwa mambo yaliyo ndani ya nguo hiyohiyo hamuoni aibu."

 Ukutani mjusi alipita mbele ya pua ya Egidi, naye akamfuata kwa macho kwa sababu hakuwa na pengine pa kuangalia.

Wakati huo ndipo Gaudence na Eunice walipotokea njiani. Eunice alikuwa nyuma, ameshika viatu vyake mkononi. Gaudence aliiona kamba, akasimama. Aliona shangazi yake amejifunika, aliona mgongo wa baba yake, aliona bibi yake ana ungo wa mchele mapajani. Bibi alimwona akipima. Angeweza kugeuka arudi alikotoka. Angeweza kupiga kelele, na kila mtu angesema ana haki.

Alikwenda kwenye kamba akaanza kutoa vibanio. Cha kwanza, cha pili. Bibi alifikiri sasa ataingia ndani na kufunga mlango, na mambo yatakwisha hivyo. Lakini Gaudence alizikunja zile nguo ndani ya kiganja chake, akaja mpaka barazani, akasimama nyuma ya kiti cha baba yake.

"Baba. Shangazi. Eunice amepimwa, tena amekwenda peke yake. Wamemwambia hana tatizo. Mimi sijawahi kupimwa. Niliwadanganya."

Mgongo wa Egidi haukusogea.

"Yeye alijua nimewadanganya," Gaudence akaendelea, "na aliacha mmuone yeye ndiye mbaya. Sasa kama kuna mtu wa kurudishwa kwao, sijui mtanirudisha mimi wapi."

Bibi hakumtazama yeye. Alimtazama Eunice, ambaye alikuwa ameviweka viatu chini, sasa anavipanga vilingane, kulia na kushoto, kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba hakuna kazi nyingine duniani.

 Kisha Egidi, bado akiutazama ukuta, akasema kwenda kupimwa hakuhitaji kikao. Mtu anapanda gari tu. Tereza alifunua uso. Alikuwa na aibu, na aibu yake ilitafuta pa kutokea ikatokea kwa njia aliyoizoea: akauliza kwa ukali kama humu ndani watu wanapikiwa au wanaangaliana tu. Eunice akaenda jikoni. Baada ya kitambo Tereza naye akamfuata, na bibi akasikia akimwambia apishe, akae, yeye atasonga ugali wa muhogo mwenyewe. Kwa Tereza, hayo yalikuwa maneno mengi.

Gaudence na Eunice walipanda Mbinga wiki ile ile, wakakaa garini kiti kimoja. Walivyorudi, Gaudence alikuja moja kwa moja kwa bibi, akaketi chini karibu na miguu yake kama zamani. Akasema mbegu zipo, ila ni chache, na ni nzito kutembea. Daktari wa huko hakumpa ahadi. Alimwambia alegeze nguo, ahame kwenye injini, arudi kupimwa tena baada ya miezi kadhaa, na wakiona vilevile wataendelea kutafuta sababu nyingine. Asnath alimkagua ngiri, hana, akamwonyesha namna ya kupiga goti mbele ya gunia, naye Gaudence akamtania kwamba anamfundisha kusali.

"Kwa hiyo hatujui," bibi akasema.

"Hatujui, bibi."

Eunice alichukua shuka kuukuu la pamba, la maua ya bluu, akalikata akashona kaptula za ndani za kupwaya, zenye mpira laini. Siku ya kwanza Gaudence alirudi kazini analalamika kwamba anapitwa na upepo, anahisi kama ametoka nyumbani na kusahau kitu. Wapakiaji walimpa jina, kama alivyoogopa. Walimwita Maua. Alilibeba jina lenyewe pamoja na magunia, na kabla wiki haijaisha mmoja wao alikuja jioni barazani, akajifanya ameleta suruali ya kurekebishwa, akamuuliza Eunice kwa sauti ya chini kama lile shuka limebaki. Benchi walilihamishia mlangoni, penye hewa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya nani.

Ila usiku bado bibi alikuwa anageuka kitandani. Alikuwa amefikiri kwamba kikao kikipita atatulia, na hakutulia. Miezi ni mirefu. Alimwona Gaudence akisimama nyuma ya nyumba anaangalia ziwa bila kuangalia kitu. Aliona Eunice akiweka mkono tumboni kisha akiutoa haraka kama aliyegusa moto.  Alfajiri alisikiliza kama matone yatadondoka jikoni, na hayakudondoka, kwa sababu sasa Eunice alifua mchana na kuanika nyuma ya nyumba upande wa upepo, na anayetaka kuona maua ya bluu aone.

Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa milimani bibi akasema anarudi. Maharage hayatajipanda yenyewe. Walimsindikiza wote wawili mpaka kituoni. Gaudence alimwekea mzigo, akamchagulia kiti cha dirishani upande usio na jua, akamwambia konda kwamba huyu ni mke wake mkubwa, amshushe polepole. Eunice alimpa kifurushi cha usipa wakavu, akamfungia vizuri pindo la kitenge ili lisishikwe na mlango. Kisha akabaki amesimama dirishani, mkono mmoja kwenye kioo. Gari liliunguruma. Bibi alisubiri, hakumsaidia kwa neno lolote.

"Bibi," Eunice akasema, "mpunga ukivunwa njoo tena kututembelea. Njoo ule wali mpya. Utanikuta."